Chuma cha ndani au vyuma vya nje: namna utafiti wa upasuaji unavyomfikia mgonjwa wa Dar es Salaam

Familia nyingi zinazompeleka mgonjwa Muhimbili hazitarajii kukutana na mtafiti. Zinatarajia daktari, muuguzi, dirisha la malipo na kitanda. Kwa hiyo anapokuja mtu mwenye koti jeupe na karatasi mkononi, akajitambulisha na kueleza kwamba mgonjwa wao ana sifa za kushiriki katika utafiti wa upasuaji, wazo la kwanza linalowajia wengi ni kwamba ndugu yao anakwenda kugeuzwa panya wa maabara. Hofu hiyo si ya kubezwa, kwa sababu historia ya utafiti wa tiba duniani ina kurasa za aibu, na kanuni zinazowalinda wagonjwa leo ziliandikwa kutokana na maovu yaliyowahi kutendeka. Lakini sehemu kubwa ya utafiti wa upasuaji unaofanywa katika hospitali za kufundishia haifanani na picha hiyo, na mtu asiyeielewa tofauti hushindwa kuuliza maswali ambayo kweli yanastahili kuulizwa.

Hospitali ya kufundishia hubeba kazi tatu kwa pamoja: kutibu, kufundisha na kutafiti. Pale Upanga, eneo la Dar es Salaam ilipo Muhimbili, kazi hizo zimegawanywa kati ya taasisi zilizo jirani kiasi cha kutembeleana kwa miguu. Ipo Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambayo mwaka 1956 ilifunguliwa kwa jina la Princess Margaret. Ipo Taasisi ya Mifupa, inayofahamika zaidi kama MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Na kipo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, yaani MUHAS, ambacho mizizi yake ni shule ya udaktari iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1963. Daktari bingwa anayepasua asubuhi anaweza kuwa ndiye mhadhiri wa mchana, na daktari anayesomea ubingwa wa upasuaji hahitimu mpaka afanye utafiti wake na kuandika tasnifu. Utafiti, kwa maneno mengine, haukuja Muhimbili kama mgeni. Ni sehemu ya kazi ya kila siku ya watu walewale wanaotibu.

Swali ambalo utafiti wa namna hii hulijibu mara nyingi si kama kitu kipya kabisa kijaribiwe kwa binadamu. Ni swali la kawaida zaidi, na kwa maoni yangu ni la maana zaidi: kati ya njia mbili ambazo tayari zinatumika katika chumba kilekile cha upasuaji, ipi inamfaa mgonjwa? Dawa mpya haiingii sokoni bila kupimwa, lakini namna ya kukata, kushona na kuunga mfupa kwa sehemu kubwa hurithiwa kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi. Daktari mmoja alifundishwa hivi, mwenzake alifundishwa vile, na wote wawili wanaamini kwa dhati kwamba wagonjwa wao wanapona. Kumbukumbu ya daktari nayo haitoshi kuamua, kwa sababu inamkumbuka mgonjwa aliyerudi kliniki akitembea vizuri, lakini haiwezi kumkumbuka yule ambaye hakurudi. Huyo huenda alipona na akaona nauli ya kutoka Chanika ni hasara ya bure. Huenda pia kidonda kilitoa usaha akaenda kwa mtaalamu wa mitishamba, au alifariki. Katika jalada lake wodini hali zote hizo zinaonekana sawasawa, yaani ukurasa mtupu.

Mfano mzuri wa kulielewa jambo hili ni mfupa wa muundi uliovunjika na kutoboa ngozi. Ni jeraha ambalo madaktari wa mifupa wa Dar es Salaam wanalifahamu mno, hasa tangu bodaboda zilipoenea, kwa kuwa muundi umefunikwa na ngozi nyembamba tu upande wa mbele, na bampa la gari linapougonga, mfupa hujitokeza nje kwa urahisi. Mfupa ukishapata hewa, vumbi na uchafu wa barabarani, adui mkubwa anakuwa ni maambukizi. Kidonda huoshwa kwa maji mengi safi katika chumba cha upasuaji, nyama iliyokufa hukatwa na kuondolewa, kisha mfupa lazima utulizwe usichezecheze. Kuna njia mbili kuu za kuutuliza. Ya kwanza ni vyuma vya nje: pini hupitishwa kwenye ngozi hadi ndani ya mfupa, juu na chini ya mahali palipovunjika, na zote hufungwa kwenye fimbo ya chuma iliyo nje ya mguu. Ya pili ni chuma cha ndani: ufito mrefu wa chuma huingizwa katikati ya mfupa, pale penye uboho, ukakaa humo bila kuonekana.

Kila njia ilikuwa na watetezi wake, na sababu zao zote zilikuwa na mantiki. Waliopendelea vyuma vya nje walisema kwamba kuingiza chuma ndani ya mfupa ambao umeshaguswa na uchafu ni kuyakaribisha maambukizi hadi kwenye uboho. Waliopendelea chuma cha ndani walisema kwamba vyuma vya nje hulegea, pini zenyewe hutoa usaha mahali zinapopita kwenye ngozi, na mfupa mara nyingi huunga ukiwa umepinda. Katika nchi tajiri mjadala huo ulikuwa umeelemea kwenye chuma cha ndani, lakini ushahidi wa kule ulitokana na wagonjwa wanaofikishwa hospitali mapema, wanaopasuliwa chini ya mashine ya eksirei inayoonyesha mfupa papo hapo, na ambao kidonda kikihitaji ngozi ya kupandikizwa hupata mtaalamu kwa wakati. Kuuhamishia ushahidi huo Upanga bila kuupima upya kungekuwa kubahatisha.

Madaktari wa MOI, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliamua kulimaliza suala hilo kwa kipimo. Waliandikisha wagonjwa 240, wakawagawa katika makundi mawili kwa nasibu, maana yake ni kwamba si daktari wala mgonjwa aliyechagua nani awekewe nini. Kisha waliwafuatilia kwa mwaka mzima. Waliokamilisha ufuatiliaji walikuwa 221, na mtu yeyote aliyewahi kujaribu kumtafuta mgonjwa aliyehama kutoka Tandale kwenda Kibaha na kubadilisha laini ya simu atatambua uzito wa tarakimu hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na jina la kwanza katika orodha ya waandishi ni la daktari wa hapahapa MOI, jambo ambalo naliona lina uzito wake, kwa sababu swali lenyewe lilizaliwa katika wodi za hapa.

Kilichopimwa zaidi kilikuwa hiki: ni wangapi, ndani ya mwaka mmoja, walifariki au walilazimika kurudishwa kwenye upasuaji kwa sababu ya maambukizi ya ndani, mfupa kukataa kuunga, au mguu kupinda. Kati ya 111 waliowekewa chuma cha ndani walikuwa 20, sawa na asilimia 18.0. Kati ya 110 waliowekewa vyuma vya nje walikuwa 24, sawa na asilimia 21.8. Msomaji wa haraka ataona kwamba chuma cha ndani kimeshinda. Hakijashinda. Tofauti ya watu wanne katika makundi yenye ukubwa huo inaweza kuletwa na bahati peke yake. Utafiti huohuo ukirudiwa kesho, watu wanne hao wangeweza kuangukia upande wa pili. Kwa hiyo watafiti waliandika kwa unyoofu kwamba katika jambo hilo kuu hawakuona tofauti ya kuaminika. Hata hofu ya zamani, kwamba chuma cha ndani kingezidisha maambukizi, haikuthibitika.

Lakini matokeo hayakuishia hapo, na hapa ndipo mgonjwa anapoanza kuonekana. Miguu iliyowekewa chuma cha ndani ilinyooka vizuri zaidi kwenye picha za eksirei. Na wagonjwa walipoulizwa kuhusu hali ya maisha yao, yaani maumivu, kutembea, kujihudumia na kurudi kwenye shughuli, wenye chuma cha ndani walikuwa na hali nzuri zaidi katika wiki ya sita, ingawa kufikia mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamelingana. Wapo watakaosema kwamba kama mwisho wa safari ni mmoja basi tofauti ya wiki ya sita haina maana. Sikubaliani nao. Kwa dereva wa bodaboda anayedaiwa hesabu ya kila siku na mwenye pikipiki, au kwa mama ntilie ambaye biashara yake ni yeye mwenyewe kusimama jikoni, miezi michache ya kwanza ndiyo inayoamua kama watoto wataendelea na shule na kama kodi ya chumba italipwa.

Upande wa pili wa matokeo hayo nao una faida. Daktari aliye katika hospitali ya mkoa isiyo na chuma cha ndani sasa anajua kwamba vyuma vya nje, vikiwekwa kwa uangalifu na kidonda kikioshwa sawasawa, havimwachi mgonjwa wake katika hatari kubwa kuliko yule wa Muhimbili kwa kiasi ambacho utafiti huu uliweza kukiona. Hapo ndipo ninapoona thamani ya utafiti ambao magazeti hayawezi kuuandikia kichwa cha habari: umewaondolea watu wengi shaka ambayo ilikuwa inawagharimu.

Kuna jambo dogo kuhusu vyuma vyenyewe ambalo linafaa kutajwa. Chuma cha ndani kinachotumika sana katika hospitali za nchi zenye kipato kidogo, MOI ikiwemo, kinatolewa na shirika la Marekani liitwalo SIGN, na kimebuniwa kiweze kuingizwa hata pale ambapo hakuna mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Hutolewa kama msaada, lakini kwa sharti: daktari huingiza taarifa na picha za kila mgonjwa aliyewekewa katika hifadhi ya pamoja, na vyuma vipya huletwa kufidia vilivyoripotiwa. Taarifa za tiba na tiba yenyewe zimefungwa pamoja, kiasi kwamba uzembe katika kuandika unaweza kumkosesha chuma mgonjwa ajaye.

Sasa nirudi kwa familia iliyokutana na mtu mwenye karatasi. Utafiti wowote wa aina hii, kabla haujamgusa mgonjwa hata mmoja, andiko lake husomwa na kamati ya maadili. MUHAS ina kamati yake, na juu yake ipo kamati ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Kama dawa inajaribiwa, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba nayo lazima itoe kibali. Kamati hizo huuliza, pamoja na mengine, kama kweli wataalamu bado wana shaka ya dhati kuhusu njia ipi ni bora. Swali hilo ndilo moyo wa maadili ya kugawa wagonjwa kwa nasibu. Daktari anayejua kwamba njia fulani ni bora haruhusiwi kumwachia bahati mgonjwa wake. Ni pale tu ambapo hakuna ajuaye ndipo kugawa kwa nasibu kunapokuwa haki, kwani kila mgonjwa anapata nafasi sawa na mwenzake, awe na kitambulisho cha bima au asiwe nacho.

Ridhaa ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na sidhani kama inatosha kuielezea kwa kusema kwamba mgonjwa alisaini. Fikiria mapokezi ya dharura saa nne usiku. Mgonjwa ana maumivu makali, ameshachomwa sindano ya kuyatuliza, mguu umefungwa bandeji iliyolowa damu, na maamuzi yote yako mikononi mwa kaka yake mkubwa ambaye naye anahangaika kwenye simu kuchangisha fedha kwa ndugu. Mtafiti anayejua kazi yake hamkimbizi mtu huyu. Anamsalimia kwa heshima ya umri wake, anakaa, anaeleza kwa Kiswahili cha kawaida kwamba kuna njia mbili za kuutuliza mfupa, kwamba zote zinatumika hapa, kwamba ni bahasha au kompyuta itakayoamua na si yeye, na kwamba mgonjwa akikataa atatibiwa vilevile kama ambavyo angetibiwa utafiti usingekuwepo. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi na huweka dole gumba. Mgonjwa anaweza kukubali usiku huo na kujitoa baada ya wiki mbili bila kutoa sababu. Taarifa zake ni siri, na tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 siri hiyo ina nguvu ya sheria ya nchi mbali na maadili ya udaktari.

Kuna jambo moja ambalo linapaswa kusemwa wazi wakati huo, na nadhani halisemwi mara nyingi inavyotakiwa: kushiriki utafiti si sawa na kupata tiba bora zaidi. Mshiriki hana uhakika kwamba ataangukia kundi litakalofanya vizuri. Faida ambayo anaweza kuitegemea ni ya namna nyingine, nayo ni ufuatiliaji. Ana tarehe za kurudi zilizopangwa, ana mtu anayempigia simu asipotokea, na kidonda kinachoanza kubadilika rangi kina nafasi kubwa zaidi ya kuonwa mapema kuliko cha mgonjwa ambaye amepewa karatasi ya kliniki na kuachiwa mwenyewe. Faida nyingine kubwa huwaendea wagonjwa wa baadaye, na mtu anayeombwa kushiriki ana haki ya kulijua hilo ili akikubali, akubali kwa kujua kwamba sehemu ya anachokitoa ni zawadi kwa watu asiowafahamu.

Kwamba zawadi hiyo huwafikia watu kweli, ushahidi wake mwingine haupo mbali. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali nane za miji minane duniani, mmoja wapo ukiwa Ifakara, katika bonde la Kilombero hapa Tanzania, kuhusu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Orodha yenyewe ni ukurasa mmoja wenye vipengele 19 vinavyosomwa kwa sauti kabla ya mgonjwa kupewa nusu kaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani: huyu ni nani, anapasuliwa wapi, dawa ya kuzuia maambukizi imeshatolewa, pamba na vifaa vimehesabiwa vikatimia. Vifo katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Anayepasuliwa leo London au Manila anaulizwa maswali ambayo wagonjwa na wauguzi wa bonde la Kilombero walishiriki kuyapima.

Tafiti mbili za karibuni kuhusu upasuaji wa tumbo zinaonyesha jinsi kipimo kinavyoweza kuumbua matarajio. Wa kwanza, uliochapishwa mwaka 2021 ukiwa na wagonjwa 5,788 katika nchi saba, ulijaribu nyuzi za kushonea zilizopakwa dawa ya kuua vijidudu pamoja na dawa ya bei ya juu zaidi ya kusafishia ngozi. Hakuna kati ya hizo iliyoonekana kupunguza maambukizi ya kidonda kuliko za kawaida. Wa pili, uliochapishwa mwaka 2022 na kuhusisha wagonjwa 13,301, nao katika nchi saba, ulipima jambo ambalo halina mvuto wowote: timu ya upasuaji ibadilishe glovu na kuchukua vifaa vingine safi kabla ya kulifunga tumbo. Maambukizi yalishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Tanzania haikuwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki, ila nchi tano kati ya hizo ni za Afrika, na masharti ya kazi yao yanafanana na yetu kuliko ya Ulaya. Glovu zipo. Kuwa na vifaa vya ziada vilivyotakaswa tayari ndiko kwenye shida, na hapo mzigo unahama kutoka kwa mtafiti kwenda kwa anayepanga bajeti ya hospitali.

Wapo pia waliopima wazo zuri likagonga mwamba. Utafiti mkubwa wa bara la Afrika uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mgonjwa wa upasuaji barani humu ana uwezekano wa kufariki mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa kwa kawaida ni kijana zaidi, na kwamba wengi hufia wodini, siku za baada ya upasuaji, si mezani. Ikaonekana dhahiri kwamba dawa ni kuwaangalia kwa karibu zaidi wale walio hatarini. Jaribio lililofuata, katika hospitali 332 za nchi 28, halikuona vifo vikipungua. Matokeo kama hayo huumiza, lakini bila ya hayo wauguzi wachache waliopo wangeongezewa kazi kwa matumaini tu, na tatizo lenyewe lingebaki pale pale.

Lililobaki, kwa Dar es Salaam, naliona liko katika njia ya kurudi. Wagonjwa hupanda kwa rufaa kutoka Amana, Temeke na Mwananyamala kwenda Muhimbili. Matokeo ya utafiti yanapaswa kushuka kwa njia hiyohiyo, katika mafunzo ya madaktari na wauguzi wa hospitali hizo na katika miongozo ya Wizara ya Afya, badala ya kubaki kwenye jarida la Kiingereza ambalo aliyeosha kidonda cha kwanza hawezi kulifungua bila kulilipia. Na yapaswa kumrudia mshiriki mwenyewe. Ujumbe wa simu wa sentensi tatu za Kiswahili, unaosema tulichouliza, tulichokiona na kitakachobadilika, ni gharama ndogo mno katika bajeti ya utafiti uliomfuatilia mtu kwa mwaka mzima. Kabla ya kusaini, ndugu wa mgonjwa wana haki ya kuuliza ujumbe huo utakuja lini na utatumwa kwa namba ipi, na fomu ya ridhaa wanayoachiwa nakala yake ina namba ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili, ambazo wanaweza kupiga usipofika.